Tunabishania 104 na leba hatujaiingia

Tangu Februari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipokabidhiwa jijini Dar es Salaam tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates kwa kupunguza vifo vya akina mama, mjadala wa vifo vya uzazi Tanzania umegeuka kuwa ubishi wa namba. Upande mmoja unasema vifo vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa 2022, na kwamba hilo ni jambo la kujivunia. Upande wa pili unauliza namba iliwezaje kuporomoka kiasi hicho ndani ya miaka michache, na unakumbusha kuwa makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Nimeufuatilia ubishi huu kwa makini, na ninaona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinaamini kwamba siku tutakapokubaliana namba sahihi ni ipi, tutakuwa tumelielewa tatizo. Mimi ninasema hata kama 104 ni sahihi kabisa, bado haituelezi kwa nini mama aliyefika hospitali akiwa hai, akapokelewa, akaandikwa kitabuni na kupewa kitanda, asubuhi ndugu zake wanaitwa kuchukua mwili. Jibu la swali hilo halipatikani kwa dodoso. Linapatikana pale mtu anapokaa wodini mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi, akitazama, akisikiliza na kuandika. Kazi hiyo inaitwa ethnografia, na kwa muda mrefu mno tumewaachia wageni waifanye.

Kwanza namba yenyewe inapatikanaje? Mdodosaji anaingia nyumbani kwa watu na kuuliza habari za ndugu wa tumbo moja. Dada zako wangapi wako hai, wangapi wamefariki, na huyo aliyefariki, alikuwa mjamzito, alikuwa anajifungua, au alikuwa ametoka tu kujifungua? Kwa nchi ambako vifo vingi havisajiliwi popote, hiyo ni njia ya busara, na wanaoidharau hawajafikiria ugumu wa kuhesabu vifo visivyo na cheti. Ila kifo kinachopatikana hivyo kinakuja kikavu. Hatujui marehemu alisubiri kwa muda gani, nani alimpokea, damu ilitafutwa wapi, wala daktari alipigiwa simu saa ngapi. Na katika tafiti hizohizo kuna namba nyingine ambayo haigombewi na mtu, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi: wanawake waliojifungulia kwenye vituo vya afya walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa 2015/16, na katika ule wa 2022 wakafika asilimia 81. Zamani swali letu kubwa lilikuwa kwa nini akina mama hawaji hospitali. Sasa wanakuja. Kuna hata mfumo wa m-mama, ambao ulitangazwa kuwa wa kitaifa mwaka 2022, ambapo mtu anapiga 115 bila malipo na gari linatafutwa kumfikisha mama mwenye dharura. Yaani swali limehama kutoka barabarani, limeingia mlangoni, liko ndani ya leba, wodi ya kujifungulia. Sisi bado tunalisubiri barabarani.

Si mara ya kwanza kwa elimu ya namna hii kutusaidia. Katika miaka ya 1990, wakati kampeni za malaria zikihimiza wazazi kuwahisha watoto hospitali, watafiti wakiwamo Peter Winch na A. M. Makemba walikwenda Bagamoyo kusikiliza watu wanavyoyataja magonjwa yao. Walichokikuta, mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili angeweza kukitambua kama angeulizwa. Kwa wazazi wengi, homa ya malaria ilikuwa ugonjwa wa kawaida, wa dawa na hospitali. Degedege lilikuwa jambo jingine kabisa. Mtoto akikakamaa, macho yakageuka, mikono ikatetemeka, hapo ilionekana kuna mkono wa mashetani, mtoto alifukizwa na kupelekwa kwa mganga, na wapo waliohofia kwamba sindano ingemmaliza. Daktari anaita hali hiyo malaria kali. Kwa hiyo bango lililosema malaria inaua na tuwahi hospitali lilikuwa halimsemeshi mama ambaye mtoto wake, kwa macho yake, hakuwa na malaria. Lugha ya bango ilikuwa Kiswahili na ya mama ilikuwa Kiswahili, lakini neno moja lilibeba maana mbili. Hakuna jedwali ambalo lingelifichua hilo, kwa sababu dodoso lingeuliza kuhusu malaria, na mama angejibu kuhusu malaria.

Mfano huo una mtego ndani yake, na wengi wetu tumenaswa nao. Tangu hapo, mtaalamu wa afya akisikia ethnografia anafikiri ni kazi ya kuchimba imani potofu za wanakijiji ili waelimishwe. Mgonjwa ndiye mwenye mila. Hospitali haina mila, ina utaalamu. Vinay Kamat, aliyefanya utafiti Mbande, pembezoni mwa Dar es Salaam, baadaye alionyesha kwamba neno degedege na imani zake havitoshi kueleza kwa nini mtoto anachelewa kupata tiba. Kuna dalili zinazofanana na homa ya kawaida, kuna mama asiye na nauli wala sauti ya kuamua nyumbani kwake, na kuna zahanati ambayo mtoto anafikishwa na bado hapati anachohitaji. Hapa ndipo ninapotaka kusimama. Hospitali nayo ni kijiji. Ina wazee wake, ina miiko, ina lugha ya ndani, ina mambo yanayosemwa mbele ya mganga mkuu na yanayosemwa kwenye chumba cha chai. Mgeni akiingia saa 3 asubuhi na orodha ya kukagua, ataonyeshwa kile ambacho kijiji chochote humwonyesha mgeni.

Chukua karatasi moja tu, patografu, ya kufuatilia uchungu wa mama. Kila aliyewahi kufanya kazi leba anaijua. Mama akishaanza uchungu wa kweli, mkunga anatakiwa kuandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kuangalia njia imefunguka sentimita ngapi kila baada ya saa 4, kupima presha, kuhesabu mikazo ya uchungu ndani ya dakika 10, na kuunganisha alama kwenye grafu. Kuna mstari wa tahadhari, na mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Alama zikiukaribia mstari wa pili, lazima mtu aamue: kumwongezea uchungu, kumpeleka chumba cha upasuaji, au kumpa rufaa. Ni chombo kizuri mno. Mkunga mmoja akiwa na mama mmoja au wawili, karatasi hiyo inaokoa maisha. Sasa mpe mkunga huyohuyo akina mama 9 usiku mmoja, wawili wakisukuma kwa wakati mmoja, mmoja akianza kifafa cha mimba, na glovu zikiwa zimebaki chache. Hatajaza patografu. Atakimbia kutoka kitanda hadi kitanda, na kukaribia kubadilishana zamu atakaa mezani azijaze zote kwa mpigo, kwa kukumbuka na kwa kukadiria. Grafu itatoka nzuri, mstari umepanda vizuri hadi mtoto alipozaliwa.

Adrienne Strong, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, aliliona hilo baada ya kukaa muda mrefu katika hospitali ya mkoa huko Rukwa, ambayo kwenye maandishi yake aliipa jina lingine. Kitabu chake kilitoka mwaka 2020, na kwangu mchango wake mkubwa haumo katika kuonyesha kwamba karatasi zilijazwa baadaye. Mkaguzi mwerevu angeweza kulishuku hilo. Mchango wake ni kueleza kwa nini. Mama akifariki, kinaitishwa kikao cha kupitia kifo, na faili ndilo shahidi. Muuguzi amejifunza kwamba faili lenye mapengo linamponza, na faili lililojaa linamlinda, hata kama halisemi kilichotokea. Basi karatasi iliyobuniwa kumlinda mama inageuka kuwa ngao ya mhudumu. Wazee wetu wana msemo wa funika kombe mwanaharamu apite, na ndivyo faili linavyofanya kazi katika kikao kinachotafuta wa kumlaumu. Strong anaonyesha pia kwamba wauguzi wale hawakuwa watu wakatili. Walikuwa watu ambao uongozi hauwaoni, vifaa haviwafikii, na shukrani hawazipati, na wanatakiwa watoe huruma ambayo wao wenyewe hawajaonjeshwa kazini.

Nitasema jambo moja la kwangu, kisha niliache. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu kujifungua katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilikaa kwenye benchi la nje hadi alfajiri, na mlango wa leba ukifunguka nilikuwa ninamwona muuguzi mmoja aliyekuwa peke yake zamu hiyo. Alikuwa amechana kipande cha boksi la glovu, amekiweka mfukoni mwa gauni, na kila akitoka kitandani anakitoa na kuandika kitu kidogo kwa peni ya buluu: namba ya kitanda, saa, neno moja au mawili. Kulipopambazuka alikaa mezani akaanza kunakili kutoka kwenye boksi kwenda kwenye mafaili. Alipomaliza, kipande kile akakitupa ndooni. Nimekifikiria kile kipande mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Ukweli wa usiku ule ulikuwa umeandikwa pale, kwa mkono wa mtu aliyeuona, na ulichukuliwa na mfagiaji saa 1 asubuhi. Kilichoingia kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, kikapanda wilayani, mkoani na wizarani, kilikuwa nakala iliyosafishwa.

Kwa upande wa Kenya, watafiti wa mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome Trust, wakiwamo Jacob McKnight na Jacinta Nzinga, walikaa namna hiyohiyo katika wodi za watoto wachanga jijini Nairobi. Wangehesabu tu, wangesema wauguzi ni wachache na kazi nyingi hazifanyiki, jambo ambalo kila mtu analijua. Kwa kukaa, waliona wauguzi wamejitungia utaratibu wao wa pamoja wa kuhimili mzigo: kazi ipi ifanywe kwanza, ipi wapewe wanafunzi, ipi waachiwe akina mama wenyewe, mtoto yupi atazamwe zaidi. Utaratibu huo haumo kwenye mwongozo wowote, lakini ndio unaoendesha wodi. Ukileta mashine mpya au fomu mpya bila kuujua, unaweza kuuvunja na usielewe kwa nini mambo yameharibika.

Wapinzani wa njia hii wana hoja, na hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba ethnografia ni hadithi za mtu mmoja kuhusu hospitali moja, na huwezi kuendesha sera ya nchi kwa hadithi. Anayesema hivyo anadhani ethnografia inajaribu kujibu swali la wangapi. Hailijibu, wala haidai kulijibu. Inajibu swali la kwa namna gani. Ukishajua kwamba patografu hujazwa baada ya tukio kwa sababu ya hofu ya kikao, huhitaji hospitali 200 kuelewa namna jambo hilo linavyotokea. Unachohitaji baadaye ni kuhesabu linatokea wapi na kwa kiasi gani, na sasa angalau unajua cha kuhesabu. Tena wanaotetea takwimu wangepaswa kuwa wa kwanza kuitaka kazi hii, kwa sababu takwimu zao za hospitali zinatoka kwenye faili zilezile. Mchambuzi aliyeko Dodoma akifungua kompyuta na kuona patografu zimejazwa kwa asilimia kubwa, anaamini huduma imeboreka. Hana njia ya kujua kuhusu boksi la glovu.

Hoja ya pili ni kwamba watu wakijua wanatazamwa wanajirekebisha. Ni kweli, kwa siku chache. Lakini hakuna muuguzi anayeweza kuigiza kwa miezi 6, saa 9 usiku, miguu imevimba na kitanda cha tatu kinapiga kelele. Kinyume chake, anayejirekebisha zaidi ni yule anayetembelewa na wakaguzi kwa saa 2 wakiwa na karatasi ya alama. Hoja ya tatu, kwamba njia hii ni ya polepole mno wakati watu wanakufa, ina mantiki zaidi, ila historia ya Afrika Mashariki yenyewe inaijibu. Mlipuko wa Ebola ulioanza Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000 uliambukiza watu 425 na kuua 224. Ukiwa haujaisha, Shirika la Afya Duniani lilimwita mwanaanthropolojia Barry Hewlett, akafanya kazi na Richard Amola. Walikuta Waacholi wana jina la janga la aina hiyo, gemo, na wana utaratibu wa wazee wa kulikabili: mgonjwa akae nyumba ya peke yake mbali na wengine, ahudumiwe na aliyekwisha kuugua akapona, nyumba iwekwe alama ya manyasi marefu ili watu wasikaribie, ngoma zisimame. Madaktari walikuwa wamekuja kufundisha watu kutenga wagonjwa, na watu walikuwa wanajua kutenga wagonjwa. Maarifa hayo hayakuchukua miaka kuyapata. Yalihitaji mtu wa kuuliza vizuri na kunyamaza.

Hoja ya nne siwezi kuivunja, na sijaribu. Ni ya maadili. Mama aliye kwenye uchungu, nguo hana, analia kwa jina la mama yake, atakubali vipi kwa hiari kuangaliwa na mtu mwenye daftari? Na mtafiti akiona mama anapoteza damu na hakuna anayemjali, anaandika au anakimbia kuita mtu? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Ghana yupo aliyekilalia kweli: Samuel Sarkodie, katika utafiti alioufanya na Sjaak van der Geest uliochapishwa mwaka 1998, alilazwa hospitalini kwa kujifanya mgonjwa. Alijifunza mengi, lakini njia hiyo iliibua maswali mazito ya udanganyifu ambayo wenyewe waliyajadili, na mimi nisingetaka irudiwe kwetu. Kitanda cha hospitali zetu kina foleni ya wanaokihitaji. Anayetaka kutazama leba lazima ajulikane na kila mtu humo kuwa ni mtafiti, idhini ya mama iombwe mapema kliniki kabla uchungu haujaanza na aruhusiwe kuifuta wakati wowote, na iwe wazi tangu siku ya kwanza kwamba daftari linawekwa chini pale maisha yanapokuwa hatarini. Hata hivyo ugumu unabaki, na mtafiti asiyeusikia moyoni asipewe kibali.

Ninaandika haya sasa kwa sababu mambo mawili yanakuja pamoja. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilikata misaada yake ya nje, na mpango uliokuwa nguzo ya tafiti za kaya katika nchi nyingi, zikiwamo zetu, ukasimamishwa. Wengi wamelia kwamba tumepofuka. Hasara ni kubwa, sikatai, lakini jicho lililofungwa lilikuwa la kuhesabu kutoka mbali. La wodini hatukuwahi kulifungua sawasawa. Jambo la pili ni bima. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na Kenya ilihamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024. Bima hulipa kwa karatasi. Hospitali itapata fedha kwa kadiri madai yake yalivyojazwa, na mhudumu ambaye jana alijaza faili kwa kuogopa kikao, kesho atalijaza pia kwa kuogopa dai kukataliwa. Tutegemee mafaili safi kuliko wakati wowote, na tusiyachukulie mafaili hayo kuwa huduma.

Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili mkubwa. Tuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tuna Muhimbili, tuna vyuo vinavyofundisha sosholojia na uuguzi, na tuna wakunga wastaafu wanaozijua leba kwa harufu. Wafundishwe kutazama na kuandika, wapangwe wawiliwawili, mmoja wa sayansi ya jamii na mmoja mkunga, wakae katika hospitali chache za mikoa kwa miezi 6, na sehemu kubwa ya muda huo iwe zamu ya usiku. Wasiwe chini ya mganga mkuu wa mkoa wala timu ya wilaya, na ripoti yao isiwe na jina la hospitali wala la mhudumu, wala isitumike kumwadhibu mtu. Bila sharti hilo la mwisho, wodi itafunika kombe hata mbele yao. Wakimaliza, matokeo yasomwe kwanza mbele ya wauguzi wa wodi hiyohiyo, kwa Kiswahili, kabla hayajapelekwa wizarani, na wao waseme wapi mtafiti ameona vibaya. Na katika vikao vya kupitia vifo, kabla faili halijafunguliwa, aliyekuwa zamu apewe nafasi ya kusimulia usiku ule ulivyokwenda, bila katibu kuandika jina lake.